Lehemu na ubongo: anayepaswa kupimwa ni aliyemsindikiza mgonjwa

Wiki kadhaa zilizopita aliingia kliniki mzee mmoja ambaye tumezoeana. Ana miaka 63. Mwaka juzi alipata kiharusi chepesi kilichomwachia ganzi kidogo mkono wa kushoto, na tangu wakati huo namwandikia dawa za presha, ya kuzuia damu isigande na ya kushusha lehemu. Alikuja na binti yake, mama wa miaka arobaini na kitu, ambaye ndiye anayempeleka kliniki na kumnunulia dawa. Wameniruhusu kuandika habari hii. Nimebadilisha mambo machache wasitambulike.

Presha ilikuwa nzuri. Lakini majibu ya damu yalinishtua: lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, ilikuwa imepanda karibu mara mbili ya kipimo cha awali. Nikamuuliza, "Baba, kile kidonge cha usiku unakimeza?" Akanyamaza. Binti akamgeukia. Mwishowe mzee akatoa simu mfukoni, akaniambia, "Daktari mwanangu, usinikasirikie. Soma kwanza hapa."

Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp, zile jumbe zinazosambazwa na kusambazwa tena hadi hakuna anayejua zilianzia wapi. Unasema ubongo wa binadamu umejengwa kwa lehemu, kwamba vidonge vya kushusha lehemu vinaukausha ubongo, na kwamba ndiyo maana wazee wa siku hizi wanapoteza kumbukumbu. Mwishoni unashauri viini vinne vya mayai na vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi. Mzee alikuwa ameufuata kwa miezi minne bila kumwambia mtu.

Sikucheka, na naomba madaktari wenzangu wanaosoma safu hii nao wasicheke. Dada wa mke wake ana ugonjwa wa Alzheimer. Hawatambui tena watoto aliowazaa. "Kiharusi kingine nitakivumilia," mzee aliniambia. "Kuwasahau wajukuu zangu, hapana." Mtu mwenye hofu ya namna hiyo ukimwambia aache kusoma mambo ya mtandaoni, atakuitikia "sawa daktari", atarudi nyumbani, na kidonge kitabaki kwenye pakiti. Halafu, nusu ya kwanza ya ujumbe ule ni kweli.

Lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta. Mafundi bati wanalo neno hilohilo kwa kile wanachoyeyusha kuungia bati, na nadhani limekaa mahali pake, maana mwilini nayo kazi yake kubwa ni kushikiza kuta za seli. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili mzima, lakini umebeba kati ya asilimia 20 na 25 ya lehemu yote tuliyo nayo. Sehemu kubwa ya hiyo imo kwenye mailini, ngozi ya mafuta inayozunguka nyuzi za fahamu kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Ngozi hiyo ikichunika, ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine unachelewa au unapotea njiani. Hata zile sehemu ambapo seli mbili za ubongo hukutana na kupeana habari, ambako kumbukumbu hutengenezwa, haziwezi kujengwa bila lehemu.

Kwa hiyo aliyeandika ujumbe ule hakudanganya aliposema ubongo unahitaji lehemu. Alipotea alipodhani ubongo unaichukua kutoka kwenye damu.

Lehemu ya damu, sehemu kubwa ikiwa imetengenezwa na ini, husafiri ndani ya vifurushi. LDL ni kifurushi kimoja, HDL ni kingine. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta, seli zilizobanana kwenye kuta za mishipa midogo, na ukuta huo hauviruhusu vifurushi hivyo kupita. Ubongo una jiko lake. Seli zenye umbo la nyota zinazozilea seli za fahamu hupika lehemu humohumo ndani, huifunga kwenye protini inayoitwa ApoE, na kuipeleka kwa jirani anayeihitaji. Inayozidi hubadilishwa umbo kidogo ili iweze kupenya ukuta na kutoka, iende ini ikatupwe.

Kiini cha yai ulichokula asubuhi, basi, hakifiki kwenye jiko hilo. Na lehemu ya damu ikishuka, jiko halizimiki.

Mzee alinisikiliza hadi hapo, kisha akauliza swali ambalo ningefurahi kuulizwa na mwanafunzi wa udaktari: "Na kidonge chenyewe, hakiwezi kupita huo ukuta kikazime jiko?" Swali la haki kabisa. Vidonge vingi vya lehemu ni vya kundi la statini, na baadhi yake, kama simvastatini na atorvastatini, huyeyuka kwenye mafuta na vinaweza kuingia ubongoni kwa kiasi. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi kwamba wapo watumiaji walioripoti kusahau au kuchanganyikiwa, na kwamba kwa kawaida hali hiyo haikuwa nzito na iliondoka dawa ilipoachwa. Hilo halikufichwa na mtu yeyote.

Lakini ripoti ya mtu mmoja mmoja na majaribio ya maelfu ni vitu viwili. Mtu wa miaka 70 akisahau alikoweka funguo wiki aliyoanza dawa, ataishuku dawa. Akisahau wiki ambayo hakuanza kitu, ataushuku uzee. Ndiyo maana watafiti hugawa watu makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine kidonge kisicho na kitu, na hakuna anayeambiwa amepewa kipi. Jaribio la PROSPER, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha watu 5,804 wenye miaka 70 hadi 82 walioko Scotland, Ireland na Uholanzi, na likawafuata kwa zaidi ya miaka mitatu. Kumbukumbu za makundi mawili hazikutofautiana. Uingereza, jaribio jingine la watu 20,536 waliotumia simvastatini au kidonge tupu kwa miaka mitano lilipata jibu hilohilo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa mwaka 2017, kutoka jaribio la sindano za kushusha lehemu, ambazo hushusha kuliko kidonge chochote. Wapo washiriki ambao LDL yao ilishuka chini ya miligramu 25 kwa desilita, kiwango ambacho mimi nilipokuwa chuoni ningedhani maabara imekosea. Walipimwa akili kwa mitihani ya kompyuta. Hawakuwa nyuma ya wenzao. Kama ubongo ungekuwa unategemea lehemu ya damu, watu hao ndio wangeonyesha.

Hata hivyo, mgonjwa akiniambia kichwa kimekuwa kizito tangu aanze dawa, sibishani naye. Tunaangalia dawa nyingine anazotumia, usingizi, tezi la shingo, sonona. Ikibidi tunasimamisha kidonge kwa wiki chache, tunaona, kisha tunajaribu cha aina nyingine. Ninachokataa ni mtu aliyekwisha pata kiharusi kukiacha kimyakimya. Huyo anacheza na mshipa ambao umeshamwonya mara moja.

Sasa tuje kwenye Alzheimer yenyewe. Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani, alieleza mwaka 1906 alichokiona kwenye ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55 tu: madoa nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Madoa na nyuzi hizo zimeandikwa kwenye kila kitabu. Kinachosahaulika ni kwamba aliona pia chembe za mafuta zimejaa kwenye seli za kulea. Kwa miongo mingi watu wachache sana walizijali.

Zilirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba jeni ya ApoE, ileile protini inayobeba lehemu ndani ya ubongo, ina aina moja, ya nne, inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer uzeeni. Mbebaji wa mafuta ndiye aliyekutwa na kesi ya kujibu! Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya MIT walionyesha kwamba katika seli zenye aina hiyo ya nne, lehemu hurundikana ndani ya seli zinazotengeneza mailini badala ya kupelekwa kwenye mailini yenyewe, ambayo hubaki nyembamba. Lehemu ipo, tena nyingi, ila imekaa mahali pasipo pake. Kwa ubongo kama huo, kuongeza mafuta kwenye uji wa asubuhi hakusaidii kitu.

Hapa baadhi ya wasomaji wataanza kuuliza wapi wanaweza kupima jeni. Subirini kwanza. Aina ya nne si adimu kwetu. Waafrika wengi wanayo. Lakini haituathiri kwa nguvu ileile inavyowaathiri Wazungu. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wenzao wa Indiana, Marekani, waliwafuatilia kwa miaka mitano Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye miaka 65 na zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2001: kila mwaka, wagonjwa wapya wa Alzheimer walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis. Zaidi ya mara mbili, kwa watu wenye asili inayokaribiana. Wazee wa Ibadan walikuwa na lehemu ndogo, presha ndogo na miili myembamba. Walikula viazi vikuu, mboga na samaki kidogo. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema ni kipi hasa kati ya hivyo kiliwakinga. Ila sisi hatuli tena kama wazee wale. Tunakula kama Indianapolis, chipsi mayai saa mbili usiku na kuku wa kukaangwa kwa mafuta yaliyochemka tangu juzi, huku tukijihesabu kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Nao uko kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, walikuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ukijumlisha Alzheimer na aina nyingine. Vijijini kwetu mama wa namna hiyo, anayetembea usiku na kuzungumza na watu wasiokuwepo, bado anaweza kuitwa mchawi.

Swali ambalo ujumbe wa mzee haukuuliza, na ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, ni la umri. Kaskazini mwa California, watu 9,844 walipimwa lehemu wakiwa na miaka 40 hadi 45, kati ya mwaka 1964 na 1973. Watafiti walifuatilia kumbukumbu zao za hospitali hadi walipozeeka. Wale ambao lehemu yao ya jumla ilikuwa miligramu 240 kwa desilita au zaidi, ambayo kwa vipimo vya maabara zetu ni kama milimoli 6.2 kwa lita, walikuwa na uwezekano wa asilimia 66 zaidi wa kupata Alzheimer kuliko wenye lehemu ya chini. Miongo mitatu baadaye.

Ukipima watu wakiwa na miaka 80 picha inapinduka. Wenye lehemu ndogo ndio wanaoonekana wagonjwa zaidi. Hapo ndipo wanaosambaza zile jumbe wanapopata "ushahidi" kwamba lehemu ni kinga. Lakini utafiti wa wanaume wenye asili ya Japani walioishi Honolulu ulionyesha kwamba lehemu ya watu waliokuja kuugua ilianza kushuka angalau miaka 15 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Ugonjwa ndio ulioishusha. Ni kama mtu mwenye kifua kikuu: amekonda, lakini hakuna anayesema wembamba ndio ulioleta kifua kikuu.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliyokuwa ikikusanya ushahidi wa dunia nzima iliongeza LDL kubwa ya umri wa kati kwenye orodha yake ya mambo yanayochangia kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kurekebishwa. Orodha ina mambo 14, na kwa hesabu ya tume, kama yote yangeondolewa, asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeepukika au kucheleweshewa. LDL peke yake ilipewa asilimia 7, sawa na kutosikia vizuri, na hakuna jambo jingine kwenye orodha lililopewa zaidi. Hata kama kesho atatokea mtu athibitishe kwamba LDL haina uhusiano wowote na Alzheimer, bado inaziba mishipa, na viharusi vidogovidogo ambavyo mgonjwa hata havitambui hula kumbukumbu taratibu. Katika ubongo wa wazee wengi magonjwa hayo mawili hukaa pamoja.

Sitaki kumwongezea mtu matumaini ambayo sina. Statini si dawa ya kusahau. Imejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer na haikupunguza kasi ya ugonjwa, na kuianza uzeeni ili kukinga kumbukumbu hakujaonyesha faida. Bibi wa miaka 82 aliyeanza kupotea njia ya kanisani, mwenye moyo na mishipa mizima, simwandikii kidonge hicho kwa sababu ya kumbukumbu. Familia nyingine hunikasirikia kwa hilo, zikidhani namtelekeza.

Ila wakati namweleza binti yake haya, huwa namwangalia yeye. Ana miaka 46 au 48. Anashinda amekaa kwenye kiti cha ofisi au cha duka, presha yake mara ya mwisho ilipimwa alipokuwa mjamzito, lehemu yake haijapimwa kabisa. Ndiye aliye ndani ya ile miaka ambayo kipimo kina maana. Na sisi kliniki tunamwita "msindikizaji", tunamwonyesha benchi.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko WhatsApp. Tumezoea kupima lehemu ya mtu baada ya mshipa kuziba. Kwenye mahema ya kupima afya viwanjani tunapima presha na sukari, lehemu mara chache. Mtu akija mwenyewe kuomba kipimo hicho, mara nyingi huulizwa anaumwa nini. Lehemu haiumi. Wala kipimo chake hakihitaji makuu. Kwa watu wengi si lazima hata kulala na njaa. Ningependa kila anayefikisha miaka 40 apime angalau mara moja, na mapema zaidi kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipata shambulio la moyo au kiharusi kabla ya uzee. Na wanaosimamia kliniki waruhusu msindikizaji apimwe siku ileile aliyomleta mgonjwa, kwa sababu siku nyingine harudi.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana nimeshaandika mara nyingi hapa. Yai moja kwa siku halijawahi kunikosesha usingizi kwa mtu mwenye afya. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya wanyama, na ndiyo, mafuta ya nazi pia. Maharage ya tui mara mbili kwa wiki si kesi. Vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi kama dawa ni kesi. Na ile chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina lehemu, msiilipie zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kufaa kutajwa. Hiyo ni sawa na kuuziwa maji yaliyoandikwa kwamba hayana mifupa.

Mzee alikubali kurudi kwenye dawa. Nilimbadilishia, nikampa rosuvastatini, ambayo haiyeyuki kwenye mafuta kirahisi kama ile ya mwanzo. Nilimweleza wazi kwamba sina ushahidi kuwa ile ya kwanza ilimdhuru, na kwamba nabadilisha ili ameze bila wasiwasi. Alisema hiyo inatosha.

Binti alikuwa ameshasimama kuondoka nilipomwomba akae. LDL yake ilirudi siku ya pili: milimoli 4.6. "Lakini daktari, mimi ni mwembamba," alisema kwenye simu, na nikamweleza kwamba mizani haipimi damu. Tumempima sukari na tezi, tumekubaliana kuhusu kukaanga na kuhusu kutembea, na nimempangia tarehe moja na baba yake, miezi mitatu kutoka sasa. Safari hii kutakuwa na mafaili mawili mezani.